Zamu isiyokabidhiwa

Ukitaka kuona kazi inavyokwisha, nenda wodini wakati wa kubadilishana zamu. Muuguzi anayetoka anashika daftari la ripoti, anaongozana na anayeingia kitanda kwa kitanda. Huyu kafanyiwa upasuaji jana, dripu yake iangaliwe saa nne. Yule homa imeshuka ila kagoma kula. Wa kule dirishani ndugu zake wameambiwa walete damu, wakija waelekezwe maabara. Wakifika kitanda cha mwisho, daftari linabadili mikono. Anayetoka anaweza kuwa hoi, miguu imevimba, na moyoni kabeba mgonjwa anayemsikitikia. Lakini dripu ya saa nne si yake tena. Ina mwenyewe, na mwenyewe yupo pale, macho makavu.

Mlinzi wa getini naye ana utaratibu wake. Anaandika kwenye daftari la matukio kwamba lindo ni salama, anakabidhi funguo na tochi, anavua sare, anapanda daladala. Kondakta anahesabu pesa, anatoa hesabu ya tajiri, kinachobaki ni chake. Hizi ni kazi ngumu, zinalipa kidogo, na sisemi kwamba wanaozifanya wanalala usingizi wa mtoto. Nasema tu kwamba kazi zao zina mlango wa kutokea.

Sasa waangalie wale tunaowasifia kuwa wamepata kazi nzuri: afisa mikopo, mhasibu, afisa masoko, mwalimu wa shule binafsi, meneja wa tawi. Hawa hawana wa kumkabidhi. Saa kumi na moja jioni wanazima kompyuta, wanaaga, na kila kilichokuwa mezani wanatoka nacho. Wakifika nyumbani hawapumziki, halafu wanajilaumu kwa kutopumzika. Na jamii yetu inawasaidia kujilaumu.

Mwaka 2024 Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, ilielekezwa rasmi kwenye afya ya akili mahali pa kazi. Jambo jema. Ila tunajua siku kama hizo huadhimishwaje maofisini. Anaitwa mtoa mada, watu wanagawiwa fulana na maji ya chupa, wanaambiwa wavute pumzi ndefu, wafanye mazoezi, walale mapema, wasipeleke matatizo ya kazini nyumbani. Wanapiga makofi. Saa tatu usiku ya siku hiyohiyo grupu la ofisi linauliza nani hajatuma picha za semina.

Mada za namna hiyo zina kasoro moja kubwa: zinamchukulia mfanyakazi kama mtu aliyesahau kupumzika, anayehitaji kukumbushwa tu. Mtu huyo kwa kweli anataka kupumzika kuliko kitu kingine chochote. Anachokosa ni ruhusa. Na ruhusa hiyo hawezi kujipa mwenyewe, kwa sababu anayeishikilia ni mwingine.

Ninaye jamaa yangu, afisa mikopo kwenye taasisi moja ndogo ya fedha hapa Dar es Salaam. Wateja wake ni vikundi vya kina mama wenye biashara ndogo: genge, mitumba, mgahawa wa chapati na maharage. Asubuhi anazunguka mitaani kukusanya marejesho. Mama asipoonekana kikaoni, anaulizwa mwenyekiti wa kikundi; mwenyekiti asipojua, wanatafutwa wadhamini; wadhamini wakizima simu, anakwenda mwenyewe kugonga mlango. Jioni anarudi ofisini kuingiza takwimu kwenye mfumo. Kwa mujibu wa mkataba wake siku imeishia hapo.

Kwa mujibu wa simu yake, ndiyo inaanza. Saa moja na nusu hivi meneja anaweka jedwali kwenye grupu la tawi: majina ya maafisa wote, na mbele ya kila jina asilimia ya makusanyo ya siku. Aliyefikia lengo ni kijani, ambaye hajafikia ni mwekundu. Wote wanaona. Baada ya jedwali huja ujumbe wa sauti, na ujumbe wa sauti ndio wenye kazi, kwa maana maandishi unaweza kuyatupia jicho tu, sauti huijui imekuja na hasira au na utani mpaka uisikilize. Jamaa haisikilizi mbele ya watoto. Anatoka nje, anasimama karibu na simtanki, anabandika simu sikioni. Mara nyingi ni jambo dogo: yule mama wa kikundi cha Jumatano, amelipa? Anajibu, "Kesho saa tatu nitakuwa kwake, bosi." Dakika mbili zimetosha. Anarudi ndani, ugali umepoa, mkewe anamuuliza habari ya ada ya shule, anaitikia "mh" bila kusikia alichoulizwa. Mwili umekaa kwenye kochi, mwenyewe keshafika kwa yule mama, anapanga maneno ya kumwambia.

Dakika mbili hizo hakuna anayeziita muda wa ziada. Meneja akiulizwa atashangaa: kuuliza tu? Hapo ndipo mjadala wetu wa msongo wa mawazo unapopotea njia. Tunapima kazi kwa saa, wakati kinachomaliza jioni ya mtu ni kusubiri. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani wakiongozwa na William Becker wa Virginia Tech waliandika kuhusu hali hii, na walichoonyesha ni kwamba matarajio peke yake, ile kujua kwamba unatakiwa uwe tayari kujibu ujumbe wa kazi usiku, yanahusiana na wasiwasi na afya duni kwa mfanyakazi, na mwenzi wake wa nyumbani anaguswa pia. Si lazima ujumbe uje. Inatosha kwamba unaweza kuja. Siku ambayo meneja hakuandika chochote, jamaa yangu anachungulia simu mara nyingi zaidi, maana ukimya wa bosi nao una tafsiri zake.

Mwili una hesabu yake hapo. Tukipata tishio, homoni za adrenalini na kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Tishio likipita, vyote hivyo vinatakiwa kushuka. Mwaka 2006 Jos Brosschot wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzake wawili walitoa hoja iliyobadili namna wengi wanavyolitazama jambo hili: madhara ya msongo hayatoki tu kwenye lile tukio, yanatoka zaidi kwenye kulirudiarudia kichwani kabla halijaja na baada ya kupita. Bosi aliyekufokea dakika tano asubuhi anaweza kukufokea mpaka usiku wa manane, na mwili ukaendelea kumjibu kana kwamba yupo mbele yako. Kwa hiyo mtu anayesema "nimekaa tu jioni nzima lakini nimeamka nimechoka" hadanganyi, na wala si mvivu.

Sabine Sonnentag, profesa wa saikolojia ya kazi katika Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza hiki kitendo cha akili kubanduka kazini. Jambo alilolieleza ambalo kila mfanyakazi wa Dar analijua bila kulisoma ni hili: kadiri siku inavyokuwa ngumu, ndivyo kupumzika kunavyokuwa na haja zaidi, na ndivyo kunavyozidi kushindikana. Siku nyepesi unarudi una nguvu za kwenda kupiga danadana na vijana au kumtembelea shangazi. Siku ya moto unarudi huna hata nguvu za kutafuta cha kukutuliza, unaangukia kilicho karibu. Na kilicho karibu ni simu ileile, au bia.

Bia siisemi kwa kuhubiri. Inamlegeza mtu kweli, na inamlaza haraka. Tatizo ni nusu ya pili ya usiku: pombe ikishaanza kuisha mwilini usingizi unakatikakatika, mtu anazinduka saa tisa alfajiri, kinywa kikavu, jedwali la meneja linamwangalia darini. Simu ina hila nyingine. Unaifungua kutazama vichekesho, na vichekesho vimekaa jengo moja na grupu la kazi. Kidole kimoja tu.

Watu wa pwani walikuwa na dawa bora kuliko zote mbili, baraza ya jioni, na bado ipo kwa walioihifadhi. Pita Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Unguja, jioni baada ya swala: birika la kahawa, vikombe vidogo, dhumna inagongwa mezani kwa kishindo kama vile mtu analipiza kisasi. Bara tunaita kijiwe. Wengi hukiona kama mahali pa wasio na kazi, na hapo wanakosea, kwa sababu kijiwe kizuri kinafanya kile ambacho semina ya fulana haiwezi: kinakuchagulia cha kufikiria. Huwezi kukaa unawaza marejesho ya kikundi cha Jumatano huku watu wanne wanakutaka uthibitishe kwamba ile penalti dhidi ya Yanga ilikuwa halali. Utatetea, utatukanwa kwa utani, utacheka, na nusu saa itapita bila bosi kuingia kichwani. Kwaya ya kanisani inafanya vilevile, maana sauti ya tatu haiimbiki ukiwa mawazoni. Akili haitulii kwa kuamriwa itulie. Hutulia ikipewa kitu kingine cha kushika.

Lakini tusiipambe baraza kupita kiasi. Kwanza, ni ya wanaume. Mke wa jamaa yangu naye ni mwajiriwa, na akitoka kazini hapiti kijiweni, anapitia sokoni. Akifika nyumbani kuna chakula, kuna sare za shule za kufua, kuna mtoto wa darasa la nne na hesabu za sehemu. Yeye hata nafasi ya kuwaza kazi ya ofisini kwa uzuri hana, anaiwaza huku anakatakata mchicha. Tunapozungumza kupumzika baada ya kazi, kwa wanawake wengi neno "baada" ndilo lenye utata. Pili, baraza inahitaji ufike kabla watu hawajatawanyika. Mtu anayetoka Posta kwenda Bunju au Chanika kwa daladala, amesimama, kwapa la mwenzake usoni, foleni haisogei, anafika nyumbani saa mbili na nusu kama si tatu. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kwenye njia ya Kimara tulidhani tumepewa jioni zetu. Waliowahi kusubiri basi Kivukoni saa kumi na mbili jioni wataniambia wenyewe.

Na tatu ni pesa. Mshahara hautoshi, kwa hiyo jioni si ya kupumzika, ni ya kazi ya pili. Mmoja ana kibanda cha uwakala wa miamala, mwingine anafuga kuku wa nyama, mwingine kampa kijana bajaji. Mwenye bajaji ana burudani yake ya peke yake: saa mbili usiku hesabu haijaletwa, dereva hapatikani, na huku grupu la ofisi linaita. Mtu huyu amejiongezea mabosi, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Simlaumu. Ada ya shule hailipwi kwa pumzi ndefu.

Kuna lingine ambalo tunalikwepa. Sisi tunaolalamika kusumbuliwa na bosi usiku, wengi tuna dada wa kazi nyumbani. Tunamwamsha saa tano atufungulie geti, atupashie chakula, na saa kumi na moja alfajiri awe ameshawaandaa watoto. Sheria inayotulinda sisi inamlinda na yeye. Hata mfanyakazi anayelala mahali anapofanyia kazi, mapumziko yake ya siku hayapaswi kushuka chini ya saa 8. Sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo kwenye semina ya msongo wa mawazo.

Twende kwenye sheria yenyewe, maana wengi tunaifanyia kazi bila kuijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, usizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na unalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Na kuna kipengele ambacho ningependa kibandikwe kila ofisi pale panapowekwa picha ya Rais: mfanyakazi anastahili angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena.

Piga hesabu. Ukijibu swali la kazi saa 3:30 usiku na ukaripoti saa 2:00 asubuhi, umepumzika saa kumi na nusu. Kama kujibu ni kazi, sheria imevunjwa, na imevunjwa karibu kila usiku, karibu kila tawi. Kama kujibu si kazi, basi mtu asiyejibu asiulizwe kesho yake kwa nini hakujibu. Waajiri wanataka vyote viwili: kisiwe kazi wakati wa kulipa, kiwe kazi wakati wa kuadhibu. Sheria ilipitishwa wakati simu ya mkononi ni ya kupiga na kutuma meseji fupi. WhatsApp yenyewe ilianzishwa 2009. Sheria haikutaja grupu, haikutaja ujumbe wa sauti, na katika mwanya huo jioni zetu zimepotelea.

Usidhani hili ni suala la kudeka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija ofisini wanaangalia mtungi wa kuzimia moto kama umeisha muda. Vizuri sana. Grupu la tawi halina wa kulikagua.

Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni kwamba mtu aweke mipaka, azime data saa moja jioni, asubuhi atajibu. Nimeona waliojaribu. Grupu lina watu kumi na kitu. Bosi anauliza, na wa kwanza kujibu ndani ya dakika moja anaweka kipimo cha wote. Wa pili anajibu ili asionekane wa pili. Wa mwisho anajibu akiwa bafuni, povu kichwani. Hakuna hata mmoja kati yao anayependa mchezo huo, na hakuna anayeweza kuuacha peke yake, kwa sababu atakayeuacha ndiye atakayeonekana hana moyo wa kazi siku ya kuhuisha mikataba. Jamaa yangu ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nje ya geti kuna vijana wenye shahada na bahasha za kaki, na meneja hukumbushia hilo kwa namna ya mzaha. Wasiwasi wake si ugonjwa wa kufikiria mno. Kasoma hali ilivyo na kaisoma sawasawa.

Hata hivyo kuna kidogo ambacho mtu anaweza kujifanyia, na nakitaja kwa sababu kinafuata mantiki ya daftari la wodini. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwalaza vijana 57 maabara. Kabla ya kulala nusu yao waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, nusu nyingine wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa, na kadiri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyolala haraka. Ni utafiti mdogo, wa vijana, kwa hiyo tusiufanye msahafu. Lakini ujaribu ukiwa bado ofisini, kabla ya kuzima kompyuta: mama wa Jumatano, saa tatu asubuhi, pitia kwa mwenyekiti kwanza, usiende na pikipiki ya ofisi maana akiisikia anajificha. Ukiandika "kufuatilia marejesho" hujaandika kitu, hiyo itakuamsha. Ukiandika saa, mlango na neno la kwanza utakalosema, unakuwa umemkabidhi mtu, ingawa mtu mwenyewe ni wewe wa kesho asubuhi.

Dakika tisa lakini haziwezi kushindana na jedwali jekundu. Daftari linafanya kazi pale tu ambapo hakuna anayelifungua upya saa 3:30 usiku. Kwa hiyo tunarudi kwa mwenye ruhusa.

Nchi nyingine zimeanza. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wawakilishi wao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Ureno mwaka 2021 iliuweka mzigo kwa mwajiri: asiwasiliane na mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko, isipokuwa kwa dharura isiyoepukika. Australia, kuanzia tarehe 26 Agosti 2024, ilimpa mfanyakazi haki ya kukataa kusoma au kujibu, maadamu kukataa kwake si kwa kukosa busara. Jirani zetu Kenya walipata muswada mwaka 2022 kutoka kwa Seneta Samson Cherargei, uliomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi aweke sera ya jambo hili, pamoja na faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya au kifungo. Shirikisho la Waajiri likaupinga.

Kwa mazingira yetu mimi nachagua njia ya Ureno kuliko ya Australia. Haki ya kukataa ni nzuri kwa mtu mwenye kazi nyingine ya kukimbilia. Mpe haki hiyo afisa mikopo wa mkataba wa mwaka mmoja, ataikunja vizuri aiweke kabatini pamoja na vyeti, halafu atajibu ujumbe. Kinachofaa ni wajibu uwe kwa anayeandika, asiandike. Mpokeaji asihitaji ushujaa wowote.

Waajiri watasema, na wana hoja, kwamba biashara haifungwi na saa ya ukutani. Mfumo wa malipo ukikwama saa nne usiku lazima mtu aamke. Sawa, basi huyo mtu atajwe. Awepo wa zamu kila wiki, ajulikane, alipwe kwa kukaa tayari, na wengine wote walale. Hospitali zimeujua utaratibu huu zamani. Katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 posho ya kuwa tayari kuitwa ilikuwa mojawapo ya madai yao, maana walielewa kwamba kusubiri simu nako ni kazi. Ofisi nyingi zimechukua kule kusubiri, posho zimeiacha, na badala ya kumweka mmoja tayari zimewaweka wote. Punda afe mzigo ufike, na mzigo wenyewe mara nyingi ni picha za semina.

Mabadiliko ya sheria huchukua muda, ila kuna chombo kilicho karibu zaidi: mkataba wa hali bora. Vyama vya wafanyakazi kama TUICO na FIBUCA hukaa mezani na waajiri kujadili nyongeza, likizo, rambirambi, usafiri. Kuongeza kifungu kimoja hakuhitaji Bunge. Baada ya saa za kazi grupu lifungwe kwa wote wasioandikwa zamu. Majedwali yatoke asubuhi. Jambo la dharura lipigwe simu kwa wa zamu, lisiandikwe. Na kutojibu usiku kusitajwe popote kwenye tathmini ya mwaka. Kifungu cha mistari minne, na gharama yake ni ndogo kuliko ya zile fulana.

Pakuangalia ni juu. Sheria yetu ya 2004, katika sehemu ya saa za kazi, inawaacha nje wanaosimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa viongozi wa juu. Nimewahi kumuuliza jamaa yangu kwa nini meneja wake hasubiri asubuhi. Akacheka, akasema meneja naye yuko kwenye grupu lake, la mameneja wa matawi, na huko jedwali hutoka saa moja na robo, lina rangi zilezile. Dakika kumi na tano baadaye ndipo linashuka kwao. Kifungu kikianzia kwa afisa mikopo na kuishia kwa meneja wa tawi, meneja ataacha kuandika, atapiga.